Matuta ya Ng'ombe Madoa

Mtu ambaye angepita asubuhi ile kwenye kijia cha kisimani, akamwona Lea amejibanza kwenye magugu, debe la maji kichwani na kanga imeshuka hadi kidevuni, angedhani binti wa watu anamkimbia chui. Chui hakuwapo. Aliyekuwa anateremka ni baba mkwe wake, Mzee Sedekia, jembe begani na wimbo wa kanisani mdomoni. Kila alipokaribia kona alikohoa kwa nguvu, kikohozi kisichokuwa na mafua hata kidogo.

Kikohozi kile kilikuwa heshima yake kwa mkwe. Magugu yalikuwa heshima ya mkwe kwake.

"Hapa kwetu Wanyakyusa," mama mkwe wake, Damari, alikuwa amemweleza siku ya kwanza, "mke wa mwana haonani na baba wa mumewe. Humtazami, huli mbele yake, hutaji jina lake, humsemeshi. Ukisikia anakohoa, tafuta jani la kukutosha."

"Na kama hakuna jani, mama?"

"Basi geuka, mwanangu, ujifanye wewe ndiye jani."

Lea alitoka Kalenga, Uhehe. Huko nako wakwe waliheshimiwa, lakini uliwapigia magoti, ukawaamkia, maisha yakaendelea. Hata hivyo hakulalamika. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kusemea kifuani. Mwalimu alipomwuliza swali darasani, jibu lilikuwapo, sauti ndiyo iliyokuwa haionekani. Alipoolewa na Fanueli baada ya Pasaka ya mwaka hamsini na nne, akaletwa hapa mgongoni mwa mlima, juu ya Uyole, ambako malori ya Iringa husikika yakikwea barabara kuu kabla hayajaonekana, alijiambia kwamba hatimaye amefika nchi ambayo kunyamaza ni adabu. Alistarehe.

Tatizo ni kwamba sasa alikuwa na neno la kusema, na mwenye kuambiwa neno hilo ni yule yule mzee wa kikohozi.

Neno lenyewe lilihusu shamba.

Kwa Wanyakyusa jembe la kulimia ni la mwanamume, na katika wanaume wote wa mlima ule hakuna aliyelima matuta yaliyonyooka kama ya Sedekia. Aliyaanza chini kwenye mpaka wa bonde, akayapandisha moja kwa moja hadi kileleni, bila kuyumba, kama nywele zilizochanwa kwa kitana. Watu waliokwenda sokoni Uyole walisimama kuyatazama. Damari mwenyewe alikiri kwamba hakumpendea sura. "Sura ile hata yeye anaijua," alisema. "Baba yangu alikwenda kuona matuta yake, akarudi akaniambia: mwanangu, mtu anayenyoosha udongo hivi hawezi kukupindishia maneno. Nikaolewa na matuta."

Lakini mvua haina macho ya kusifia. Mwaka uliopita ilishuka mlimani, ikakuta kila mfereji kati ya tuta na tuta umetengenezwa kama barabara yake, ikakimbia. Ilibeba mbegu, ikabeba miche, ikabeba ule udongo mweusi wa juu ambao ndio chakula chenyewe. Sedekia akapanda tena. Mvua ikabeba tena. Damari alipokwenda kisimani alikuta mahindi yameota bondeni, kwenye tope, kando ya maji, yamestawi bila haya.

"Jirani!" alipiga kelele Marcelino, Msafwa wa ng'ambo ya kijito, rafiki mkubwa wa Sedekia na msumbufu wake wa kila siku. "Mahindi yako yamehama bila kuaga! Yamesema huko juu unayanyoosha mno, yamechoka kusimama wima!"

Sedekia hakucheka. Watu wa kilimo walikuwa wamekwisha kupita wakaamuru kwamba mashamba ya mlimani yalimwe kwa kukata mteremko, matuta yakilala ubavuni mwa mlima, na atakayekaidi atatozwa faini. Alitozwa, akalipa, akaendelea kunyoosha. "Mtu asinifundishe kuchora nyoka," alisema. "Matuta ya kuzungukazunguka ni ya mlevi aliyesahau kwao."

Mavuno yalikuwa haba. Ghala la mianzi lililosimama uani lilikuwa halijafika hata kiunoni. Ndipo jioni moja, wakipukuchua mahindi machache mlangoni mwa kinyumba chao, Fanueli alimwambia mkewe kile alichokuwa anakizungusha moyoni.

"Baba mdogo aliyeko Ubaruku ameniita. Analima mpunga, anataka mikono. Mvua za mwaka huu zikilichukua shamba tena, nitakwenda."

"Tutakwenda."

"Nitakwenda, Lea. Kule ni mbu na vibanda vya nyasi. Msimu mmoja tu. Wewe utabaki na wazee."

Lea alitazama punje za mahindi kiganjani. Msimu mmoja wa mpunga ni karibu mwaka mzima, na mwaka mzima atauishi maguguni, akisikiliza vikohozi, bila yule mtu pekee aliyekuwa akimsogelea jioni na kumwuliza, "Leo umesema maneno mangapi?" na Lea akimjibu "manane," anacheka mpaka kuku wanashtuka.

"Na shamba lisipochukuliwa?" aliuliza.

"Lisipochukuliwa nabaki. Mimi napenda nini huko Ubaruku? Lakini mteremko ni ule ule na baba ni yule yule."

Tayari alikuwa amefunga mkeka na blanketi kwa kamba, akautundika mzigo nyuma ya mlango. Lea aliuona kila alipofunga mlango, na kila alipofungua.

Asubuhi yake alimfuata Damari jikoni. Alikuwa amejiandaa vizuri, amepanga maneno, na kama kawaida maneno yalipofika mlangoni yalisukumana.

"Mama. Baba yangu, kule Kalenga... shamba lake lilikuwa hivi hivi. Lilipasuka korongo. Akalima kwa kukata. Anapasua mwanzi, anautia maji, tunaulaza chini. Mimi nilikuwa nashika upande mmoja. Maji yakikaa sawa huku na huku, hapo ndipo tuta linapopita. Halafu kati ya matuta anapanda mabingobingo, yale majani makubwa ya ng'ombe, mizizi inashika udongo. Korongo liliziba, mama. Tunalima maboga ndani yake."

Damari aliacha kupepea moto. Hakuwahi kumsikia mkwewe akisema maneno mengi namna ile.

"Sasa unaniambia mimi nini? Mimi nimesema mpaka sikio la mzee yule limeota ukoko. Mwambie mwenyewe."

"Mimi? Nitamwambiaje?"

"Kama tulivyofanya sisi. Unadhani mimi nilikaa kwa wakwe miaka yote hiyo nimefunga mdomo? Tulikuwa tunamwambia ng'ombe. Baba mkwe akiwa karibu, unamsemesha ng'ombe. Mzee ana masikio, na mila haikukataza masikio."

Madoa alikuwa ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi, mtulivu, mwenye kutafuna kama anayefikiri. Alasiri hiyo alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi. Nyuma ya zizi Sedekia alikuwa anachonga mpini wa jembe, na kisu chake kilisikika, kwaru, kwaru. Lea alisimama upande huu wa ukuta wa mianzi, mgongo ameupa ukuta, akamshika ng'ombe pembe kana kwamba anazama.

"Madoa," alisema. Sauti haikutoka. Alijaribu tena. "Madoa. Nakuuliza. Wewe unapopanda mlima kwenda malishoni, mbona hupandi wima?"

Kisu kilinyamaza.

"Nimekuangalia. Unapita ubavuni. Unakata hivi, unageuka, unakata hivi. Njia zenu zote mlimani zimelala. Na mvua ikinyesha, njia zenu hazipasuki. Sasa nani amekufundisha, Madoa?"

Ng'ombe alitafuna. Kisha sauti nzito ilisikika nyuma ya ukuta, lakini haikumjibu Lea, la hasha.

"Jembe," alisema Sedekia, "umesikia maajabu? Siku hizi ng'ombe ni bwana shamba. Ng'ombe anapita ubavuni kwa sababu ana tumbo kubwa na ni mvivu."

Lea alihisi masikio yanawaka moto. Nusura akimbie. Aliuona moyoni ule mzigo nyuma ya mlango, akabaki.

"Madoa, na maji nayo ni mvivu? Yakipewa barabara iliyonyooka hayakimbii?"

"Jembe, mwambie huyo ng'ombe kwamba matuta yangu yamesifiwa na wazee waliokwisha kufa."

"Madoa, matuta ni mazuri kabisa. Hata mimi nilipofika nilisimama nikayatazama. Ila udongo uliokuwa ndani yake sasa uko kisimani."

Jikoni kitu kilianguka kwa kishindo. Ilikuwa Damari, aliyekuwa ameziba mdomo kwa upawa asicheke, upawa ukamponyoka.

Sedekia alikohoa. Safari hii kilikuwa kikohozi cha mtu anayepima.

"Jembe," alisema, "sisi si watu wa kuogopa mashindano. Mwambie ng'ombe nampa nusu ya shamba. Achukue nusu ya chini, alime nyoka wake. Mimi nitalima juu kama nilivyolima siku zote. Mvua itaamua."

Mtu mwingine angeshukuru na kuondoka. Lea mwenyewe alitamani kushukuru na kuondoka. Lakini akaona picha nzima: maji yote ya juu yakiteremka kwa mbio katika ile mifereji iliyonyooka, yakiangukia matuta yake machanga ya chini, yakiyavunja kama mikate. Nusu ya chini ilikuwa kushindwa kabla ya kuanza.

"Madoa," alisema, "sema asante sana. Lakini sema nusu hiyo siyo. Maji hushikwa yanakozaliwa. Dawa yake huanzia juu."

Kisu hakikusikika. Hata Madoa aliacha kutafuna, au ndivyo Lea alivyoona.

"Nusu ya juu," Sedekia alimwambia jembe polepole, "ndiko watu wa njiani wanakotazama."

Kisu kilianza tena, kwaru. "Haya. Ng'ombe achukue juu. Asije akasema alionewa."

Kazi ilianza juma lile lile, kabla ya mvua za kwanza. Fanueli alikata mwanzi mnene kwenye kichaka kilichopandwa na baba yake alipohamia hapa kutoka Rungwe, akaupasua katikati, Lea akautia maji. Waliulaza mteremkoni, wakasogeza upande huu, wakainua upande ule, mpaka maji yakatulia kimo kimoja mwisho hadi mwisho. Hapo Lea alichomeka kijiti. Wakasogea, wakalaza tena. Vijiti vikaenda vikipinda na mlima, vikiingia pale mlima ulipoingia na kutoka pale ulipotoka, na Fanueli akafuata nyuma na jembe.

"Fanueli!" Marcelino alikuwa amesimama njiani, mikono kiunoni. "Unalima au unafuatilia nyoka unayemdai?"

"Nalima, Mzee Marcelino!"

"Hilo tuta lina mimba!"

"Litazaa mahindi!"

"Mwana wa Sedekia! Baba yako akifa leo, atafufuka kesho aje ayanyooshe!"

Sedekia alikuwa chini, akilima nusu yake. Matuta yake mwaka ule yalinyooka kuliko miaka yote, ungesema ameyapima kwa uzi. Hakuinua kichwa. Lakini Fanueli alimwambia mkewe jioni kwamba kila walipoulaza ule mwanzi, mzee aliegemea jembe na kupumzika, na hajawahi kumwona baba yake akipumzika mara nyingi namna ile.

Matuta yalipokwisha, walipanda mabingobingo, mstari wa majani kwa kila matuta machache, vipande vya mashina vimechomekwa udongoni kwa kulala. Vilichipua haraka, vikawa mikanda ya kijani inayokumbatia mlima. Lea alivipenda. Alipopita alivigusa kwa vidole kama mtu anayehesabu watoto waliolala, asiwaamshe.

Ndipo Jumamosi moja alikwenda sokoni Uyole na Fanueli kuuza viazi. Walirudi jioni, jua lingali juu ya milima. Walipofika kwenye kona ya mwisho, Lea alisimama.

Shamba lilikuwa safi. Safi kabisa, kama uso ulionawishwa. Hakuna jani. Mikanda yake yote ya kijani ilikuwa imeng'olewa, imerundikwa mpakani, imenyauka. Na kando ya rundo lile walikaa kina mama wa kanisa, kanga viunoni, miguu imejaa udongo, nyuso zinang'aa kwa furaha. Walikuwa wanakula viazi vya kuchemsha.

"Mwali wetu!" alisema Mama Ezekia, kiongozi wao, akijiinua kwa shida. "Njoo uone. Tulipita njiani tukaona shamba lako limeingiwa majani mpaka yanapanga mistari! Tukasema, mtoto wa watu katoka mbali, hana dada hapa, ataaibika. Bi harusi kuwa na majani shambani mwaka wa kwanza! Tukasema hapana, tutamsitiri. Kazi ya leo tumeifanya kimya kimya."

"Yalikuwa na mizizi hayo," aliongeza mwingine kwa fahari. "Yalitushika kweli kweli. Lakini hatukuacha hata moja."

Wote walimtazama wakisubiri. Palizi ni heshima ya mwanamke, na hapa walikuwa wamempa heshima yake ikiwa kamili, bila kuombwa, kwa migongo yao wenyewe. Machozi ya Lea yalitoka kabla ya neno.

"Ndaga," alisema kwa lugha yao. Asante. "Ndaga fijo, kina mama."

"Masikini, analia kwa furaha!" alisema Mama Ezekia, akamkumbatia kwa mikono yenye udongo, naye akalia kidogo.

Damari aliporudi kutoka kwa dada yake akaona, alishika kichwa. Akataka kwenda kuwaeleza. "Usiwaeleze, mama," Lea alisema. "Wasijue kamwe." Fanueli alikaa kizingitini akitazama wingu zito lililokuwa linajikusanya upande wa Rungwe. Hakusema kitu juu ya Ubaruku. Hakuwa na haja. Matuta ya juu bado yalikuwa machanga, udongo wake haujashikana, na bila ile mikanda ya majani mvua kubwa ya kwanza ingeweza kuyafungua yote.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Lea aliamka alfajiri, akatoka na jembe dogo, akiwa ameazimia kuokoa vipande ambavyo havijafa, Bwana amsamehe kwa kufanya kazi siku yake. Alifika mpakani. Rundo halikuwapo.

Alipandisha macho. Mabingobingo yalikuwa yamerudi mlimani. Kila mkanda ulikuwa mahali pake, umefuata alama za vijiti, ukipinda na mlima. Ila jinsi yalivyopandwa haikuwa ya Fanueli wala yake yeye. Vipande vilipangwa kwa nafasi sawasawa, kama meno ya kitana, na kila kimoja kilikuwa kimeshindiliwa udongo kwa kisigino. Katika mlima wote ule ni mtu mmoja tu aliyekuwa na mkono wa namna hiyo.

Aliporudi hadi zizini alikofungwa Madoa, kikohozi kilisikika nyuma ya ukuta. Lea aligeuka haraka, akawa jani.

"Jembe," ilisema ile sauti nzito, "una tope leo. Ulikuwa wapi usiku, watu walipokwenda kulala wakilia? Usijidai. Sikukutuma kwa sababu nakubaliana na ng'ombe. Nimekutuma kwa sababu mtu hashindani na aliyefungwa miguu."

Lea alitaka kumwambia Madoa neno. Aliishia kumkwaruza ng'ombe yule shingoni, kwa muda mrefu, akitumaini kwamba ng'ombe ataufikisha ujumbe.

Mvua kubwa ilikuja mahindi yalipokuwa na majani manne. Haikubisha hodi. Adhuhuri anga liligeuka rangi ya sufuria, upepo ukainamisha mianzi, kisha mlima wote ukatoweka ndani ya maji. Fanueli alikimbilia shambani na jembe, hakuna aliyeweza kumzuia. Wengine walisimama barazani. Sedekia alishika upande wa zizini, Damari akasimama katikati, Lea akabaki upande wa jikoni. Na kwa kuwa shamba lilikuwa upande ule ule aliosimama baba mkwe, Lea ilimbidi aelekeze uso ukutani. Hatima yake yote ilikuwa inaamuliwa nyuma ya mgongo wake.

"Mama, tuta la kwanza?"

"Limejaa."

"Limekatika?"

"Ngoja nifute macho. Halijakatika. Maji yamesimama ndani kama kwenye beseni."

"La pili?"

"Linajaa. Yanatembea, mwanangu, hayakimbii. Yanatembea kama wazee wanaotoka kanisani."

"Na majani?"

"Yameinama, yameshika. Ee! Tope limefika kwenye majani, limekaa hapo."

"Na Fanueli?"

"Anacheza."

"Anafanya nini?"

"Anacheza! Amesimama kwenye mvua anacheza, mtoto yule, kama aliyerukwa na akili!"

Lea aliegemeza paji la uso ukutani akacheka, na kucheka kwake kukachanganyika na kitu kingine, ukuta ukalowa kidogo ingawa ulikuwa upande wa ndani.

Mvua ilipopungua, Sedekia aliteremka, akalizunguka shamba lote. Alirudi amelowa hadi kwenye mifupa. Nusu ya juu ilikuwa nzima. Nusu ya chini nayo, kwa mshangao wa kila mtu, ilikuwa karibu nzima. Matuta machache tu ya mwisho, pale mteremko unapokazana, yalikuwa yamekatika na kumwagikia bondeni.

"Jembe," alisema mzee, akikamua shati, na kulikuwa na ushindi katika sauti yake, "watu waone. Matuta yetu yaliyonyooka nayo yamesimama."

"Yamesimama!" Damari alishindwa kuvumilia. "Yamesimama kwa sababu aliye juu ameyashikia maji, Baba Fanueli! Mwaka jana nani aliyashikia?"

Marcelino alikuwa amekwisha kufika, mfuko wa gunia kichwani kama kofia ya askofu. "Mwacheni," alisema. "Mwanamume akisimama chini ya mwavuli wa mtu, aruhusiwe kusema hakulowa."

Sedekia alimtazama rafiki yake, akatazama mlima, akatazama matuta yale yaliyokuwa yamejaa maji yakimetameta ngazi kwa ngazi. Kisha kicheko kilianza tumboni kwake, kikapanda polepole, kikatoka. Lea alikuwa hajawahi kukisikia. Kilifanana na cha Fanueli. Kuku walishtuka.

Mavuno ya mwaka ule yalijaza ghala mpaka Damari akalazimika kutundika mahindi mengine kwenye mapaa ya jiko. Mzigo wa mkeka na blanketi ulikuwa bado nyuma ya mlango. Si kwamba mtu alikuwa na nia ya kusafiri. Ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuushusha, isipokuwa Lea, naye aliona aibu kuutaja.

Siku waliyomaliza kuvuna, Sedekia aliwaita wote uani. Marcelino alikuja bila kuitwa. Lea alikaa nyuma ya Damari, kanga usoni. Mzee alimleta Madoa kwa kumshika pembe, akamsimamisha katikati.

"Kwetu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamwambia jembe, "baba mkwe akitaka kufungua njia, humpa mke wa mwanawe ng'ombe. Tangu hapo anaamkiwa, anajibiwa. Magugu yanapumzika. Ng'ombe huyu amefanya kazi ya ukalimani mwaka mzima bila mshahara. Sasa ni wako, mwanangu. Mwachie atafune."

Fanueli alitafuta kamba ya kumfungia. Hakuiona. Aliingia ndani, Lea akasikia kitu kikianguka nyuma ya mlango, mkeka ukajikunjua sakafuni. Akatoka na kamba ile ya mzigo mkononi, akamvisha Madoa shingoni, ncha yake akamkabidhi mkewe.

Watu walisubiri. Damari alimsukuma kwa kiwiko. Lea aliishusha kanga, uso wake ukawa nje kwenye jua mbele ya mzee yule kwa mara ya kwanza. Aliona kwamba alikuwa na macho madogo, yenye aibu kama ya kwake. Hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Asante, baba," alisema.

"Ehe." Sedekia alikohoa, kwa mazoea tu, akachora ardhi kwa kidole cha mguu. "Sasa. Ile nusu yangu ya chini. Mwaka huu tutaanzia wapi na huo mwanzi wenu?"

Marcelino alifungua mdomo. Damari alimtazama, naye akaufunga.

"Juu, baba," alisema Lea. "Pale tulipoishia sisi, tuteremke polepole." Akafikiri, akaongeza, kwa kuwa lilikuwa kweli na alitaka alijue: "Lakini mabingobingo upande wewe. Sisi hatuwezi kuyapanga vile."

Mzee aliinua kidevu. Mtu angedhani amepewa yeye ng'ombe.

Madoa naye, kamba imelegea mkononi mwa mwenye mali mpya, alikuwa amekwisha kusogea mpakani, ameng'oa bonge la mabingobingo, anatafuna.

"Wewe!" walipiga kelele Lea na baba mkwe wake kwa pamoja, wakamkimbilia.